Maswali ya Wasomaji: Redio ya Dijitali au Redio ya Intaneti?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinahusu hatima ya redio. Baadhi ya wasomaji wanauliza kama wanunue redio za dijitali zinazonasa matangazo kutoka kwenye minara, wengine wanaona kwamba simu na intaneti zimekwisha kulimaliza jambo hilo, na mmoja anaendesha kituo kidogo kisichojua kiweke wapi fedha zake. Tumechagua barua sita, na tumezifupisha pale zilipokuwa zikirudia jambo lile lile.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimestaafu, na redio ndiyo inayonishindisha tangu asubuhi hadi ninapolala. Ninataka kununua redio ya mezani yenye DAB+, yaani inayonasa matangazo ya dijitali kutoka kwenye minara, lakini mwanangu ananiambia nitakuwa nimetupa fedha, kwa kuwa redio zote zinahamia kwenye intaneti. Je, anasema kweli?

JIBU: Mzee wetu, mwanao ana hoja, ila amekwenda mbio kuliko mambo yenyewe yanavyokwenda. Kabla ya kufikiria bei, hakikisha mambo mawili: kwamba mahali unapoishi pana matangazo ya DAB+ ya kudumu wala si ya majaribio tu, na kwamba vituo unavyovipenda vimo ndani yake. Yakiwepo yote mawili, nunua, mradi redio hiyo iwe na FM pia, na siku hizi karibu zote zinayo. Yasipokuwepo, utakuwa umenunua redio ya FM kwa bei ya juu.

Zaidi ya hapo hakuna mtu makini anayeweza kukuahidi, na sababu zinaonekana tukirudi nyuma kidogo. Mfumo wa DAB, uliotangulia DAB+, ulianza kutengenezwa Ulaya mwaka 1987 katika mradi ulioitwa Eureka 147, wakati ambapo hapakuwa na mtu aliyeifikiria intaneti kuwa njia ya kusikilizia redio. Norway ilianzisha matangazo ya kawaida ya DAB mwezi Juni 1995, na Uingereza na Sweden zikafuata mwezi Septemba mwaka huo huo. Waliousimamia mfumo huo waliamini kwamba ungeiondoa FM, kama FM yenyewe ilivyoyanyang'anya masafa ya kati muziki na wasikilizaji wake. Miaka thelathini baadaye, Norway ndiyo iliyothubutu kuvizima vituo vyake vya kitaifa kwenye FM, mkoa kwa mkoa, kati ya Januari na Desemba 2017, na hata huko vituo vingi vidogo vilibaki kwenye masafa ya zamani. Nchini Uswisi, shirika la utangazaji la umma, SRG, lilizima FM yake tarehe 31 Desemba 2024, ilhali vituo binafsi viliruhusiwa kuendelea, jambo lililompa kila asiyetaka kubadilisha redio yake mahali pa kukimbilia.

Upande wa pili wapo waliojaribu wakarudi nyuma. Finland iliacha DAB mwaka 2005, Ureno mwaka 2011, Hong Kong mwaka 2017, na nchini Ireland shirika la RTÉ lilizima mitambo yake ya DAB tarehe 31 Machi 2021, likieleza kwamba wasikilizaji wake karibu wote walikuwa kwenye FM au kwenye intaneti. Sweden ilifika mbali katika maandalizi ya kuhama, kisha mwaka 2015 serikali yake ikauweka mpango huo kando. Uingereza, ambako DAB imestawi kweli, zaidi ya nusu ya usikilizaji wote ilihesabiwa kuwa ya dijitali kuanzia mwaka 2018. Lakini hesabu hiyo huweka DAB, televisheni na intaneti katika kapu moja, na ndiyo sababu kila upande huinukuu kana kwamba inautetea wenyewe. Hata huko, tathmini iliyofanyika kwa niaba ya serikali na kutolewa mwaka 2021 ilisema FM isizimwe kabla ya 2030.

Kinachoikwamisha redio ya dijitali, kwa maoni yangu, si intaneti peke yake. FM ingali inafanya kazi yake vizuri, redio zake ni rahisi na zimejaa kila nyumba, na msikilizaji asiye na malalamiko hana sababu ya kununua kitu kingine. Wakati huo mtangazaji analipia mitambo miwili, wa zamani na wa mpya, ili awafikie watu wale wale. Tena, mwaka 2007 ulipokuja mfumo wa DAB+, unaobana sauti kwa ustadi zaidi hata kituo kikasikika vizuri kwa kilobiti 64 kwa sekunde, redio za DAB za mwanzo hazikuweza kuusoma, kwa hiyo waliowahi kununua ndio waliotangulia kuumia. Nawahurumia mpaka leo. Unapokwenda dukani usitosheke na herufi DAB. Tafuta alama ya kujumlisha iliyo mbele yake, hasa ukiuziwa redio iliyokwisha kutumika.

Nguzo kubwa ya redio ya dijitali sasa ni gari. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kila gari jipya la abiria lenye redio, tangu tarehe 21 Desemba 2020, liweze kunasa matangazo ya dijitali yanayorushwa kutoka ardhini. Mtu hakuenda dukani kuitafuta DAB+. Ameikuta kwenye gari lake. Kwa muda mrefu ujao, nchi zilizokwisha kujenga minara hiyo hazitaivunja upesi, na zile ambazo hazijaijenga huenda zikaruka kutoka FM hadi intaneti bila kupita hapo katikati. Ukiwa katika kundi la kwanza, mzee wetu, redio yako itakuhudumia. Mwambie mwanao hivyo.

SWALI: Kwa nini redio yangu ya FM hukoroma tu mawimbi yanapokuwa hafifu, lakini ile ya DAB+ hunyamaza kabisa? Tena nikizifungua zote mbili kwenye kituo kimoja, moja huchelewa.

JIBU: FM hudhoofika taratibu. Mawimbi yakipungua nguvu, mkwaruzo huongezeka lakini maneno bado husikika, na sikio la mwanadamu lina uwezo wa ajabu wa kuokota sauti ndani ya kelele. Katika mfumo wa dijitali sauti imegeuzwa kuwa tarakimu, na pamoja nazo hutumwa tarakimu za ziada ambazo redio huzitumia kurekebisha makosa ya njiani. Makosa yakiwa machache, husikii kasoro hata kidogo. Yakizidi kiwango ambacho redio inaweza kurekebisha, hakuna tena cha kusikiliza. Kwenye mpaka huo mwembamba ndipo hutokea ile sauti ambayo wenye DAB ya zamani wanaijua sana, ya mtangazaji anayesoma taarifa ya habari kama mtu anayesukutua maji kooni. DAB+ haisukutui sana. Hukatakata maneno kisha hunyamaza. Mara nyingi dawa yake ni kuinyosha antena hadi mwisho, kuisimamisha wima, na kuisogeza redio karibu na dirisha, mbali na chaja na taa zenye kelele za umeme.

Kuchelewa nako kunatokana na kazi hiyo ya kufungasha na kufungua. FM hukufikia karibu papo hapo. DAB+ huchelewa sekunde chache, na intaneti huweza kuchelewa nusu dakika au zaidi, kwa kuwa programu ya simu hujiwekea akiba ya sauti kwanza ili mtandao ukiyumba usisikie mkato. Usirekebishe saa yako kwa mlio wa saa unaotoka kwenye simu, na kama kuna mchezo wa mpira, kubali kwamba jirani mwenye FM atashangilia bao kabla yako.

SWALI: Nikisikiliza redio kwa simu, bando langu litaliwa kiasi gani?

JIBU: Hesabu yake ni nyepesi. Kituo kinachorusha kwa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa, na kinachorusha kwa kilobiti 128 hutumia takriban 58. Anayesikiliza saa nne kila siku kwa siku 30 atatumia kama gigabaiti 3.5 katika hali ya kwanza na karibu gigabaiti 7 katika hali ya pili. Kwa aliyezoea kutazama video hicho ni kiasi kidogo. Kwa anayenunua bando la siku ni mzigo, na ni mzigo ambao redio ya mawimbi haijawahi kumtwisha. Programu nyingi zina sehemu ya kuchagua ubora wa sauti, na kwa mazungumzo na habari kiwango cha chini kinatosha kabisa.

SWALI: Nilinunua redio ya mezani ya intaneti yenye maelfu ya vituo kutoka kila pembe ya dunia. Ilifanya kazi vizuri kwa miaka kadhaa, kisha baadhi ya vituo vikatoweka, na sasa haifungui hata kimoja, ingawa intaneti ya nyumbani haina tatizo. Fundi anasema redio ni nzima. Nifanye nini?

JIBU: Fundi wako amesema kweli, na hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Redio ya FM ikishatoka kiwandani haimtegemei aliyeitengeneza: mradi kuna mnara unaorusha na betri ndani yake, itaimba. Redio ya intaneti haivijui vituo vyenyewe. Kila unapoiwasha huenda kwanza kwenye kompyuta ya kampuni fulani iliyo mbali kuomba orodha ya vituo na anwani zake, kisha ndipo hukiendea kituo ulichokichagua. Kampuni hiyo ikiacha kazi, ikiuzwa, au ikiamua kutohudumia tena redio za zamani, chombo chako hubaki kizima lakini hakina pa kwenda.

Hayo yamekwisha kutokea hadharani zaidi ya mara moja. Huduma ya orodha iliyoitwa Reciva, ambayo redio za chapa nyingi tofauti ziliitegemea, ilifungwa mwaka 2021, na wenye redio hizo wakajikuta na masanduku yasiyo na vituo. Mwaka 2023 BBC ilibadilisha namna inavyorusha vituo vyake kwenye intaneti, na redio kadhaa za zamani ambazo hazikuweza kuielewa namna mpya zikavipoteza. Tena si teknolojia peke yake inayomnyima msikilizaji vituo: tangu Julai 2025 programu ya BBC Sounds haiwahudumii tena walio nje ya Uingereza, ingawa baadhi ya vituo bado wanaweza kuvisikia kwa njia nyingine. Kabla ya hapo, mahakama za Uingereza zilikuwa zimeamua katika kesi ya TuneIn, huduma ya intaneti inayokusanya vituo vya redio mahali pamoja, kwanza mwaka 2019 na kisha kwenye rufaa mwaka 2021, kwamba kumuunganisha msikilizaji na vituo vya nje visivyo na leseni za muziki nchini humo kunaweza kuwa ukiukaji wa hakimiliki. Ile sifa ya kusikiliza dunia nzima, iliyoziuza redio hizi, inategemea ruhusa za watu wengi ambao mnunuzi hawajui.

Kwanza, angalia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama kuna programu mpya ya kuipakia redio hiyo, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji walihamia kwenye orodha nyingine na kuwaokoa wateja wao. Pili, kama redio ina tundu la waya wa sauti au Bluetooth, igeuze kuwa spika ya simu yako. Sauti yake nzuri haijaenda popote. Ukinunua nyingine, chagua inayokuruhusu kuingiza mwenyewe anwani ya kituo, na iliyo na FM, na DAB+ kama ipo kwenu. Ningependa pia watunga sheria wamlazimishe muuzaji aandike kwenye boksi huduma ya orodha itadumu hadi mwaka gani, lakini sijaona dalili ya jambo hilo.

SWALI: Ninasimamia kituo kidogo cha jamii. Kodi ya mnara, leseni na umeme vinatumaliza, na vijana wetu wanapendekeza tuzime FM tubaki kwenye intaneti tu, kwa kuwa huko ni bure na tunaweza kuona idadi ya wasikilizaji. Mjumbe mmoja wa bodi anataka tungoje redio ya dijitali. Tufuate ushauri upi?

JIBU: Tuanze na hilo neno bure. Mnara wa FM una gharama isiyobadilika: mkisikilizwa na mtu mmoja au laki moja, umeme na kodi ni vile vile. Kwenye intaneti kila msikilizaji huchotewa sauti yake peke yake, mkondo wake mwenyewe kutoka kwenye kompyuta inayorusha hadi simuni mwake. Wasikilizaji 100 kwa wakati mmoja, kwa kilobiti 64 kila mmoja, wanahitaji megabiti 6.4 kwa sekunde, jambo dogo. Wakiwa 10,000 wanahitaji megabiti 640, na hapo mtakuwa mnalipa kampuni ya kurusha kwa niaba yenu. Kwa maneno mengine, FM ni ghali mnapokuwa na wasikilizaji wachache, na intaneti huanza kudai fedha pale mnapofanikiwa. Ongezeni juu yake leseni za muziki, ambazo kwa intaneti huwa tofauti na zile za FM, na msidhani kwamba mkataba mlio nao unagusa pande zote mbili.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye daftari la mhasibu. Msikilizaji wa FM hukutana nanyi kwa bahati: anazungusha kitufe akitafuta kitu kingine, anasikia sauti ya mtu anayemfahamu, anatulia. Kwenye simu hakuna anayepita kwa bahati. Lazima ajue jina lenu, alitafute, alipate katikati ya maelfu, na kesho alikumbuke. Mwenye spika janja ndiyo kabisa, kwa kuwa hutaja jina kwa mdomo, na kampuni iliyoitengeneza spika hiyo ndiyo inayoamua jina hilo linampeleka wapi. Vituo vikubwa vyenye majina mazito huvumilia hali hiyo. Kituo kidogo huweza kupotea bila mtu yeyote kukusudia kukipoteza.

Idadi ya wasikilizaji mtakayoiona ni ya kweli, na ina manufaa, lakini nawatahadharisha nayo. Nimeona jinsi wasimamizi wanavyolewa namba hizo hadi wakawasahau wale wasiohesabika, yaani watu wenye redio za betri ambao hawatumi ujumbe wala hawabofyi kitu, na ambao kwa vituo vya jamii mara nyingi ndio walio wengi.

Kuhusu dijitali, mjumbe wenu ana jambo la maana ila linategemea nchi. DAB+ haifanyi kazi kama FM, ambapo kila kituo kina mtambo na masafa yake. Vituo kadhaa hufungashwa pamoja katika wimbi moja pana la megahezi 1.5 hivi, lenye nafasi ya takriban kilobiti 1,150 kwa sekunde, kwa hiyo vituo 18 vya kilobiti 64 huweza kugawana mnara mmoja, umeme mmoja na fundi mmoja. Kwa kituo maskini hiyo ni nafuu kubwa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kufungua njia kwa mitambo midogo ya DAB ya maeneo, baada ya majaribio kuonyesha kwamba programu huria za kompyuta zinaweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji mashine za gharama kubwa, na vituo vingi vya jamii vimepata nafasi kwa njia hiyo. Lakini haitoshi mnara kuwepo. Lazima wasikilizaji wenu wawe na redio za kunasia. India inatufundisha hilo: shirika lake la utangazaji la umma limesimika mitambo mingi ya DRM, mfumo mwingine wa dijitali unaotumia masafa ya kati na mafupi na kufika mbali sana, na tatizo kubwa limebaki kuwa redio zenyewe, ambazo nje ya magari mapya ni adimu.

Ushauri wangu ni msiizime FM. Punguzeni gharama yake kwanza: ulizeni kama mnaweza kugawana mnara na kituo kingine, na mpime kama mtambo wa zamani unaomeza umeme unaweza kubadilishwa kwa mpya wenye nguvu ile ile. Intaneti iwe nyongeza, na ndiko muweke vipindi vilivyokwisha kurushwa, kwa kuwa kipindi cha kupakua kinamfaa aliyekuwa kazini kuliko mkondo wa moja kwa moja. Dijitali ingojeni, bila kuilipia, hadi mtu mwingine awe amekwisha kujenga mnara na magari yenye redio zake yawe yanapita mbele ya mlango wenu.

SWALI: Umeme ukikatika eneo zima na mitandao ya simu ikaanguka, ni redio gani itakayobaki hewani?

JIBU: Swali hili lilijibiwa kwa vitendo tarehe 28 Aprili 2025, umeme ulipokatika karibu Hispania na Ureno zote. Minara ya simu ilidumu kwa muda kwa betri zake, kisha mingi ikazimika, na simu hazikuweza tena kuleta habari wala redio. Watu walikusanyika kwenye magari na kwenye redio ndogo za betri, na waliokuwa nazo waliwasikilizisha wapita njia. Mtambo mmoja wa redio wenye jenereta unaweza kulihudumia eneo ambalo kwa upande wa simu linahitaji minara mingi, kila mmoja ukiwa na umeme wake.

Redio ya dijitali ya minara nayo ina nafasi hapa, na katika baadhi ya nchi za Ulaya inaandaliwa kuwaamsha watu wakati wa hatari: redio iliyolala hujiwasha yenyewe na kutoa tangazo kwa walio katika eneo linalohusika tu. Ni uwezo mzuri ambao FM haina kwa kiwango hicho. Kasoro yake ni kwamba redio ya DAB+ hula betri zaidi kuliko ya FM ya kawaida, kwa sababu ya kazi ya kuzifungua zile tarakimu.

Kwa nyumba ya kawaida, wekeni redio moja ndogo yenye FM na masafa ya kati, ya betri za kawaida au ya kuzungusha mkono, na mwandike kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma yake masafa ya vituo viwili au vitatu vinavyosikika vizuri hapo mlipo. Betri zihifadhiwe nje ya redio, kwa kuwa zikikaa ndani miaka mingi huvuja na kuziharibu nyaya.